Sanduku la Factory Records na Haçienda: kipi cha enzi zile, kipi nakala, na namna ya kukitunza pwani

Swali kwa ufupi: Dada kutoka Tanga anayefanya kazi Salford, Uingereza, amenunua sanduku kwenye gulio la vitu vilivyotumika. Ndani mna bango la njano lenye namba FAC 1, namba ya Factory Records, lebo ya muziki ya Manchester. Santuri nne, yaani Unknown Pleasures na Closer za Joy Division, Blue Monday ya New Order, na moja ya Durutti Column ambayo jalada lake ni msasa mtupu. Vipeperushi vingi vya klabu ya Haçienda na kadi ya uanachama ya plastiki. Tofali moja na kipande cha ubao, kila kimoja na hati yake. Anauliza ni vitu gani hivi, vipi ni vya kweli, na kama vitastahimili hewa ya Tanga atakaporudi nyumbani.

Dada, anza na santuri. Bango liweke kando kwanza. FAC 1 ndilo bango maarufu kuliko yote ya Manchester, na kwa sababu hiyo hiyo limechapwa upya mara nyingi mno. Santuri, kwa upande wake, hubeba alama zilizotiwa kiwandani ambazo mghushi hupata taabu kuziiga. Ukikuta santuri zote nne ni za toleo la mwanzo, aliyekuwa na sanduku hili alikuwa mnunuzi wa enzi zile, na vilivyobaki vinastahili kuchunguzwa kwa makini. Ukikuta ni matoleo ya juzi, usitegemee bango liwe na umri mkubwa kuliko wao.

Na kabla ya yote, ondoa imani kwenye namba. Namba ya FAC haithibitishi kitu. Kuelewa kwa nini, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Factory ilianza Manchester mwaka 1978 kwa mikono ya Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni ya Granada, na mwenzake Alan Erasmus. Baadaye waliingia ubia mbunifu Peter Saville, mtayarishaji wa muziki Martin Hannett, na Rob Gretton, meneja wa Joy Division. Panki ilikuwa imeshavuma na kuanza kuishiwa pumzi. Bendi zilizofuata, hizi zinazoitwa za posti-panki, zilitaka muziki wenye nafasi, baridi na ala za umeme, na hazikuwa na mahali pa kupigia. Kwa hiyo Factory haikuanza kama lebo. Ilikuwa jina la usiku wa Ijumaa katika Russell Club, mtaa wa Hulme, Mei na Juni 1978. Saville akachora bango la usiku huo, akalichelewesha kama ilivyokuwa desturi yake, na bango likapewa namba ya kwanza. Tangu hapo kila kitu kilipewa namba, kiwe santuri kisiwe. FAC 7 ni karatasi za barua. FAC 61 ni kesi ambayo Hannett aliifungulia kampuni yake mwenyewe. FAC 98 ni saluni ya nywele iliyokuwa ndani ya Haçienda, klabu ya Factory yenyewe, FAC 99 bili ya daktari wa meno ya Gretton, FAC 191 paka wa klabu, FAC 501 jeneza la Wilson aliyefariki Agosti 2007. FAC 8 ilipewa kifaa kilichobuniwa na msanii Linder Sterling, na hakikutengenezwa kamwe. Akitokea mtu wa kukuuzia FAC 8, mmiminie kikombe cha chai ili muendelee kucheka pamoja.

Namba hizo hazifuati hata kalenda. Singo za New Order zilitengewa namba zinazoishia na 3, za bendi ya Happy Mondays zinazoishia na 2, na majengo yakapenda 1: klabu 51, baa ya Dry 201, ofisi ya Charles Street 251. Ndiyo maana FACT 200 (FACT ni alama ya albamu), mkusanyiko wa New Order uitwao Substance, ilitoka Agosti 1987 wakati FAC 193 ilitoka Desemba mwaka huohuo. Anayekuambia kipeperushi chake ni cha zamani kwa sababu namba yake ni ndogo hajui anachokiuza. Namba huandikwa na yeyote mwenye kompyuta. Umri wa kitu unakaa kwenye karatasi, wino, gundi, na mlolongo wa mikono iliyokipitisha hadi kukufikia.

Santuri

Chukua tochi ya simu na lenzi ya kukuzia mara 10, ile ya sonara. Toa santuri, iinamishe chini ya mwanga, usome eneo laini lililo kati ya mfereji wa mwisho na lebo ya katikati. Hapo pana namba za kiwandani na mara nyingi maneno yaliyokwaruzwa kwa mkono na fundi aliyekata bamba la kwanza. Unknown Pleasures ya mwanzo, ya Juni 1979, ina maneno THIS IS THE WAY upande mmoja na STEP upande wa pili. Pande zake haziitwi A na B. Lebo zinasema Outside na Inside, na ukizisoma pamoja na maneno hayo utaona mzaha wenyewe.

Usiishie kwenye maneno. Matoleo mapya nayo yanaweza kuwa na maneno yaleyale. Nakili mfuatano wote, herufi kwa herufi, pamoja na alama zozote zilizogongwa kwa mashine, kisha ulinganishe na picha za toleo husika kwenye Discogs, tovuti inayoorodhesha matoleo ya santuri. Tofauti ya tarakimu moja mwishoni inaweza kumaanisha bamba la pili au la tatu, na hiyo ni miezi au miaka baadaye.

Jalada la Unknown Pleasures ya mwanzo lina ngozi ya chembechembe unayoihisi kwa kidole. Wauzaji hulitaja hilo kama ushahidi. Si ushahidi, kwa kuwa matoleo ya baadaye yametengenezwa hivyo hivyo. Linalosaidia zaidi ni kukosekana kwa vitu: jalada la 1979 halina msimbo wa mistari wa dukani, halina anwani ya tovuti, na halitaji kampuni ya London Records wala Warner. Factory ilifilisika Novemba 1992, na katalogi yake ikaangukia London Records; jalada linaloitaja London ni la baada ya anguko. Hakikisha pia jalada la ndani lipo, lile lenye picha ya mkono mlangoni. Likikosekana, bei hushuka sana, na wako wanaouza nakala zake zilizochapwa nyumbani.

Closer, ya Julai 1980, ina kipimo rahisi. Shika tochi nyuma ya santuri katika chumba cha giza. Nyingi za toleo la mwanzo la Uingereza, ambazo mezani huonekana nyeusi tii, hupitisha mwanga mwekundu kama juisi ya rosela. Zisizopitisha si lazima ziwe bandia, ila zihakiki kwa namba za kiwandani kwanza.

Blue Monday ilitoka tarehe 7 Machi 1983 ikiwa FAC 73. Saville alilichora jalada kwa mfano wa diski ya flopi ya kompyuta, likakatwa matundu matatu, na ndani yake likaja jalada la pili la rangi ya fedha linaloonekana kupitia matundu hayo. Jina la bendi halipo mbele. Vipande vya rangi vilivyo ukingoni ni maandishi ya siri, na ufunguo wake upo nyuma ya albamu ya Power, Corruption & Lies ya mwaka huohuo. Gharama ya kukata matundu ilikuwa kubwa kiasi kwamba inasimuliwa hadi leo kuwa kila nakala iliyouzwa ilileta hasara. Kila msimulizi ana hesabu yake. Chapa zilizofuata ziliacha kukata, zikachora matundu kwa wino tu. Kwa hiyo pitisha kidole: tundu halisi ni dalili njema. Lakini toleo jipya la 2020 nalo limekatwa, basi rudi tena kwenye namba za kiwandani. Jalada la ndani la fedha huchubuka kingoni kwa kutoa na kuingiza santuri. Nakala inayodaiwa kuwa ya 1983 huku fedha yake ikiwa inang'aa bila mchubuko wowote, iulize maswali zaidi.

Sasa msasa. Hii ni The Return of the Durutti Column, FACT 14, ya Januari 1980. Wazo lilitokana na kitabu cha Guy Debord cha miaka ya 1950 kilichovikwa msasa ili kiharibu vitabu vya jirani kwenye rafu. Factory walifanya vivyo hivyo kwa nakala 2,000 za kwanza, wakabandika karatasi za msasa kwa mikono, wanamuziki wa Joy Division wakiwa miongoni mwa wabandikaji. Toleo la pili lilitoka na jalada la kawaida lenye mchoro wa Raoul Dufy.

Mtego uko wazi: msasa unauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, na santuri ya toleo la pili ni rahisi kupatikana. Mghushi hununua vyote viwili akabandika. Chunguza mambo matatu. Kwanza santuri yenyewe, namba zake zilingane na toleo la mwanzo. Pili gundi: ya zaidi ya miaka 40 huwa imegeuka njano au kahawia, imekakamaa, na mara nyingi imeachia kwenye kona, gundi nyeupe inayovutika kama mpira ni ya juzi. Tatu chembe: msasa wa zamani hupukutisha mchanga ukiinamishwa, na ndani ya jalada utakuta vumbi lake.

Vumbi hilo ndilo adui. Toleo la kwanza lililochezwa mara nyingi huwa na mikwaruzo ambayo haikutokana na sindano bali na mchanga ulioingia kupitia mdomo wa jalada. Usiifute kwa kitambaa kikavu, utausugua mchanga ndani ya mifereji. Pulizia kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, ile ya kusafishia lenzi za kamera. Kisha osha kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kujazia betri (si asidi yake) au ya hospitali, lita 1 na matone 2 au 3 ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato wala losheni, ukizungusha brashi laini kufuata mifereji. Lebo isiguswe na maji. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu, gusisha kitambaa laini kisichotoa nyuzi bila kusugua, isimamishe ikauke. Baada ya hapo usiirudishe ndani ya msasa. Iweke kwenye jalada jeupe jipya lenye bitana ya polithini, na msasa ukae peke yake, katikati ya kadibodi mbili zisizo na asidi, ndani ya mfuko mnene wa polipropilini.

Vipeperushi, kadi na bango

Haçienda ilifunguliwa Ijumaa tarehe 21 Mei 1982, Whitworth Street West, katika jengo lililokuwa ghala na duka la kuonyeshea mashua za anasa. Mbunifu Ben Kelly aliliacha lionekane kama karakana: nguzo za chuma zenye mistari ya njano na nyeusi ya tahadhari, nguzo fupi za barabarani na vimulika vya lami vikiuzunguka uwanja wa kuchezea. Pesa zilitoka Factory na kwa New Order wenyewe. Miaka ya mwanzo ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko watu wake. Kisha ukaja muziki wa hausi kutoka Chicago, DJ Mike Pickering na usiku wa Nude kila Ijumaa, Dave Haslam na Temperance Club kila Alhamisi, na kuanzia Julai 1988 usiku wa Hot kila Jumatano, hata bwawa la kuogelea likawekwa ndani. Watu wakajaa, lakini wakiwa wamemeza vidonge vya ekstasi wakanywa maji badala ya bia, na klabu huishi kwa baa. Magenge yakafuata, leseni ikatishiwa, milango ikafungwa kwa hiari mwezi Januari 1991 na kufunguliwa tena Mei. Ilikufa moja kwa moja Juni 1997.

Nimekupa siku za wiki makusudi. Kipeperushi huwa na siku na tarehe, mara nyingi bila mwaka. Tafuta kalenda ya mwaka unaodaiwa uone kama siku na tarehe vinaoana. Kipeperushi cha Temperance Club kinachosema Jumamosi kina kasoro. Kazi hii haina gharama, na huondoa bandia nyingi kuliko lenzi.

Halafu tazama namba ya simu. Msimbo wa Manchester ulikuwa 061 hadi tarehe 16 Aprili 1995, ukawa 0161. Kipeperushi cha “1988” chenye 0161 kimechapwa na mtu asiyejua hilo. London ilikuwa 01 hadi Mei 1990, ikawa 071 na 081, kisha 0171 na 0181 mwaka 1995. Kwa barua na bahasha za Factory, anwani ya 86 Palatine Road ilikuwa nyumbani kwa Erasmus na ndiyo ya miaka ya mwanzo. Charles Street ni kuanzia 1990.

Lenzi sasa. Kwa vipeperushi vya rangi, uchapaji wa ofseti huonyesha vidoa vilivyopangwa kwa utaratibu, vikitengeneza maua madogo pale rangi nne zinapokutana. Printa ya wino ya nyumbani hutawanya vidoa bila mpangilio, kama mtu aliyepulizia brashi, na kingo za herufi ndogo huwa na manyoya. Printa ya leza huacha unga unaong'aa kidogo juu ya karatasi, na chembe moja moja hutoroka pembeni ya herufi. Picha iliyoskaniwa kutoka kipeperushi cha kweli ina kosa lake la pekee: maua juu ya maua, yaani vidoa vya asili vimepigwa picha vikachapwa kwa vidoa vipya, na maandishi meusi ambayo yangepaswa kuwa meusi kamili yana chembe za rangi ndani yake.

Kwa bango la FAC 1 kipimo hicho kinafaa zaidi. Mchoro wake ni wa rangi bapa, na njano yake ni ya vibao vya usalama kazini, yenye joto kidogo. Ikichapwa kwa wino uliochanganywa maalumu huwa ni rangi moja mfululizo chini ya lenzi. Nakala iliyotoka kwenye faili la kompyuta kwa rangi nne haiwezi kufikia njano hiyo bila kuongeza vidoa vyekundu. Ukiviona vimetawanyika ndani ya njano, bango ni la baadaye. Usipoviona, bado hujafika, maana nakala nzuri zilizochapwa kwa skrini kwa idhini zipo pia. Hizo mara nyingi ni za heshima, zina thamani yake ndogo, na ubaya wake huanza pale muuzaji anapoziita za 1978.

Kuna watu watakaokuambia uangazie taa ya urujuanimno, na karatasi ikitoa mwanga wa bluu ni bandia. Kwa vitu vya enzi hii ushauri huo ni mbovu. Dawa za kung'arisha karatasi zilishaenea tangu miaka ya 1950, kwa hiyo karatasi ya 1978 au 1988 inaweza kung'aa kwa haki kabisa. Taa inafaa kwa kazi moja: ukiwa na vipeperushi viwili vya usiku uleule, kimoja cha uhakika, linganisha. Vikijibu tofauti kabisa, uliza.

Kadi ya uanachama ni PVC. Tazama mikwaruzo ya mfukoni, ukingo uliopinda, saini ya wino uliofifia. Usiikaze kwa mpira wa kufungia pesa. Mpira huoza, huyeyuka, na huacha doa ambalo halitoki kwenye plastiki wala karatasi.

Tofali na ubao

Hapa nitakuwa mkali. Tofali halina namna ya kujithibitisha. Baada ya klabu kufungwa, jengo lilinunuliwa ili pajengwe nyumba za kupangisha na kuuza. Mnada wa hisani ukafanyika mwaka 2000, watu wakaondoka na radieta, taa za milango ya dharura na matofali, na kufikia 2002 jengo lilikuwa limebomolewa. Nyumba zilizojengwa hapo zina jina la Haçienda hadi leo. Kwa hiyo matofali ya kweli yapo, na jirani yake katika kila jaa la ubomoaji la Manchester yapo matofali yanayofanana nayo kabisa.

Unachoweza kufanya ni kuondoa yasiyowezekana. Pima kimo. Matofali ya zamani ya kaskazini mwa Uingereza mara nyingi huwa na kimo cha milimita 73 hadi 76. Kipimo cha 65 kamili, na 215 kwa urefu, ni cha kuanzia miaka ya 1970. Tofali la namna hiyo lingeweza kutoka kwenye ukarabati wa 1982 lakini si kwenye kuta za ghala. Chokaa iliyoshikamana nalo usiing'oe wala kuisafisha, ni sehemu ya ushahidi. Ubao wa uwanja wa kuchezea ulikuwa wa mti wa mepo (maple), mgumu, wenye rangi ya krimu na nyuzi za karibu karibu. Upande mmoja uwe umesuguliwa na miguu na una vanishi ya zamani, wa chini uwe haujapakwa kitu, pembeni pawe na ulimi au mfereji wa kuunganishia. Peter Hook, aliyekuwa mpiga besi wa New Order, aliwahi kutengenezewa magitaa sita ya besi kwa mbao hizo, jambo linaloonyesha kuwa zilitunzwa na watu waliojua thamani yake. Vipande vinavyouzwa mtaani kwa bei ya mkate si vya kuaminiwa haraka.

Hati iliyoambatana ndiyo mali. Hati yenye namba ya kura ya mnada, tarehe na risiti ina uzito. Hati iliyochapwa “Certificate of Authenticity” kwa wino wa dhahabu bila jina la aliyeitoa haina uzito wowote, hata ikiwa na mhuri. Mwandikie aliyekuuzia sasa hivi, kabla hajasahau, akueleze kwa maandishi alikipata wapi kila kitu na mwaka gani. Maelezo hayo yaandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, kamwe si nyuma ya kitu chenyewe.

Safari na Tanga

Santuri huanza kulegea na kupinda karibu nyuzi 60 za Selsiasi, na gari lililofungwa juani hufika hapo. Zibebe mkononi kwenye ndege, zimesimama, kila moja imetolewa kwenye jalada lake la nje ili isilipasue kwa ndani. Bango liviringishwe kwa nje ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, lifunikwe kwa karatasi isiyo na asidi, kisha bomba hilo liingie ndani ya jingine kubwa. Kulisokomeza ndani ya bomba jembamba la posta ndiko kunakovunja kingo. Tofali litakula kilo kadhaa za mzigo wako, na mtu wa ukaguzi atataka kuliona. Liweke juu, na hati mkononi. Uingereza hudai leseni ya kusafirisha nje vitu vya kitamaduni vyenye umri wa zaidi ya miaka 50 vinavyofikia kiwango fulani cha thamani. Santuri na karatasi zako bado, ila bango la 1978 linaingia umri huo 2028.

Ukifika, sanduku likae limefungwa saa 24 nzima. Ukilifungua likiwa bado na baridi ya ndege, hewa ya pwani itageuka maji juu ya karatasi ya kung'aa, na vipeperushi vitagandana. Vikigandana usivibandue.

Tanga, unyevu wa hewa hupita asilimia 75 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu huanza kuota karibu asilimia 65. Huwezi kukausha nyumba nzima, kausha kasha. Nunua makasha ya plastiki ya polipropilini yenye mpira wa kuziba mdomoni. Kasha la lita 50 litie karibu nusu kilo ya silika jeli ya aina inayobadilika rangi, kwenye vifuko vya kitambaa, na kipima unyevu kidogo cha betri. Lenga asilimia 45 hadi 50. Ikishuka chini ya 35 karatasi hukakamaa, punguza silika. Rangi ikibadilika, kaushia silika kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, rudisha.

Vipeperushi vikae kimoja kimoja kwenye mikoba ya poliesta. Mikoba ya PVC, ile laini yenye harufu ya pazia la bafuni, hutoa mafuta yanayonyonya wino wa kipeperushi, na kwenye santuri huacha ukungu mweupe usiotoka na unaosikika kama mchakaricho. Usilaminishe chochote, kipeperushi kilicholaminishwa hakirudi, na mkusanyaji hakinunui. Selotepu vilevile. Vidonge vya kufukuza nondo usivitie, mvuke wake huathiri plastiki. Kasha lisiguse ukuta wa nje wala sakafu. Linyanyue sentimita 15 kwa miguu ya chuma ili njia ya mchwa ionekane kabla hawajafika. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku.

Tofali likianza kutoa unga mweupe hiyo ni chumvi ikisukumwa nje na unyevu. Lipige brashi kavu. Usilioshe wala kulipaka vanishi.

Ikiwa unafikiria kuuza, fanya hivyo ukiwa bado Salford. Wanunuzi wako huko, na wengi watataka kushika kitu kwa mikono. Bei itazame kwenye mauzo yaliyokwisha kufanyika, si kwenye bei zinazoombwa, na uulize nyumba ya mnada kamisheni ya muuzaji pamoja na kodi yake kabla ya kuwakabidhi. Ukitaka kulinganisha bango na vipeperushi na vya uhakika, jaribu hapo Manchester British Pop Archive katika maktaba ya John Rylands, ambayo ina mali za Factory, na Science and Industry Museum, iliyofanya maonyesho ya miaka ya mwanzo ya lebo hii 2021. Omba miadi kwa barua pepe ukiambatisha picha za mbele, nyuma na za karibu kupitia lenzi. Bei hawakupi, ni kanuni ya makumbusho, lakini mtu wa pale akilitazama bango lako kwa dakika tano atakuambia mengi kuliko hati yoyote iliyokuwa ndani ya sanduku.